Ramani ilikuwapo, kapteni akapotea njia

WAKATI majeshi ya Marekani yalipoivamia Iraq Machi 2003, hakuna jeshi duniani lililokuwa na macho mengi kama hilo. Setilaiti zilikuwa angani, ndege zisizo na rubani zilipiga picha, na makamanda wa ngazi ya juu waliona kwenye skrini mienendo ya vikosi vyao. Hata hivyo, siku tatu tu baada ya vita kuanza, kombania moja ya jeshi hilo hilo iliingia katika mji wa Nasiriyah kwa kukosea njia, na askari 11 wakapoteza maisha.

Hiyo ilikuwa Kombania ya 507 ya matengenezo, kutoka kambi ya Fort Bliss, Texas. Kazi yake haikuwa kushambulia, bali kuhudumia mitambo ya makombora ya Patriot. Ilikuwa mkiani mwa msafara wa magari yapatayo 600 uliokuwa ukielekea kaskazini. Magari mazito yalikwama mchangani, mengine yakaharibika, na hatimaye kundi la askari 33 katika magari 18 likaachwa nyuma.

Uchunguzi wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani ulionyesha kwamba kapteni wa kombania hiyo hakukosa vifaa. Alikuwa na ramani, diski ya kompyuta yenye maagizo ya safari, na kifaa cha GPS. Lakini katika ramani yake alikuwa ametia alama njia moja tu, iliyoitwa Blue, akiamini kwamba ndiyo ya kufuatwa hadi mwisho. Kumbe mpango ulitaka msafara uiache njia hiyo kabla ya mji na kushika nyingine, iliyoitwa Jackson, ambayo ilikwepa mji.

Askari wake walikuwa wamesafiri kwa zaidi ya siku mbili bila usingizi wa kutosha. Asubuhi ya Machi 23 walipita katikati ya mji, wakatambua kosa, wakageuza magari, na wakati wa kurudi wakashambuliwa. Miongoni mwa waliotekwa alikuwamo Jessica Lynch, aliyeokolewa Aprili 1.

Mkasa huo unaonyesha kwamba habari za vita zinaweza kujaa makao makuu na bado zisimfae anayezihitaji zaidi: luteni, kapteni au sajini anayeongoza watu wachache gizani, akiwa amechoka na hana wa kumuuliza.

Miaka 20 kabla ya hapo, kasoro ilikuwa nyingine. Marekani ilipoivamia Grenada Oktoba 1983, maandalizi yalifanyika kwa haraka mno, na baadhi ya vikosi vilitegemea ramani za watalii zilizochorewa mistari ya gridi. Moja ya sababu zilizotolewa za uvamizi ilikuwa kuwalinda wanafunzi Wamarekani wa chuo cha udaktari. Askari walipofika kwenye eneo la chuo liitwalo True Blue, ndipo wanafunzi walipowaeleza kwamba wenzao wengi zaidi walikuwa Grand Anse.

Teknolojia ilipoongezeka, makosa yalibadilika sura. Desemba 5, 2001, karibu na Kandahar, Afghanistan, askari aliyekuwa akielekeza mashambulizi ya ndege alibadilisha betri ya kifaa chake. Kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, kifaa kilipowaka upya kilionyesha mahali aliposimama yeye, si mahali alipokuwa adui. Bomu liliua askari watatu wa Marekani na wapiganaji wa Kiafghanistan waliokuwa upande wao. Hamid Karzai, aliyeteuliwa siku hiyo hiyo kuongoza serikali ya mpito, alijeruhiwa kidogo.

Vita vya Ukraine vimelisogeza suala hili hatua nyingine. Programu ya Kropyva, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea baada ya mapigano ya 2014, huwawezesha viongozi wa vikosi vidogo kusoma ramani na kukokotoa shabaha kwenye kompyuta ndogo za mkononi. Mfumo wa Delta nao hukusanya taarifa za ndege zisizo na rubani, setilaiti na watu walioko ardhini. Kile ambacho zamani kilikuwa mezani kwa majenerali sasa kinaweza kumfikia kiongozi wa platuni.

Lakini chombo kinachomwonyesha askari alipo adui kinaweza pia kumwonyesha adui alipo askari. Mawimbi ya GPS huvurugwa, na simu huacha alama angani. Baada ya shambulio la Makiivka la Januari 1, 2023, Urusi ilikiri kupoteza askari 89 na ikasema sababu kuu ilikuwa matumizi ya simu za mkononi. Wapo Warusi waliopinga maelezo hayo, wakihoji ni nani aliyewalundika askari wengi katika jengo moja.

Hoja yao ina uzito. Ni rahisi kumlaumu askari wa chini kwa simu yake, au kapteni kwa ramani yake. Swali gumu zaidi huwahusu walio juu: je, kabla msafara haujaondoka, kuna aliyemtaka kapteni aeleze kwa maneno yake mwenyewe atapita wapi? Swali hilo halihitaji setilaiti. Pale Nasiriyah lingetosha kuifichua njia ya Jackson, ambayo haikuwa imetiwa alama.