Jumamosi ya elfu kumi

Mwezi huu sina cha kumsema shoga yangu wala jirani. Najisema mwenyewe, mimi na mume wangu, na naomba usicheke mpaka ufike mwisho. Nawajua wengi wenu mna kesi kama yetu, ila mmefunika kombe mwanaharamu apite.

Ilikuwa Jumamosi, binti yetu katimiza miaka minne. Tukasema lazima apate mtoko wa maana. Tukampeleka kwenye ukumbi mmoja wa michezo ya watoto hapa Dar es Salaam, jina nalihifadhi. Mlangoni 15,000. Tukaambiwa mtoto haingii bila soksi zao, 5,000. Kitreni cha kuzunguka dakika tatu, 5,000. Njaa ikauma: chipsi kuku sahani tatu, 36,000, na juisi tatu, 15,000. Teksi ya kuita kwa simu, kwenda na kurudi, 20,000. Piga hesabu mwenyewe: 96,000, na hapo puto hatujanunua.

Usiku nikamuuliza bibie kafurahia nini. Akasema, "Paka." Yaani kulikuwa na paka amelala chini ya meza yetu, akamlamba kidole kilichokuwa na mafuta ya kuku. Basi. Treni hakuitaja, soksi hakuzitaja.

Hapo nilicheka. Kicheko kilikatika baadaye kidogo. Mume wangu yuko bafuni, simu yake ikawaka mezani. Sina tabia ya kupekua simu ya mtu, naapa, lakini macho hayana pazia. Ilikuwa meseji ya mkopo. Alikuwa amekopa laki moja asubuhi ile ile kwa simu, na ilitakiwa irudi na riba yake ndani ya wiki mbili.

Alipotoka nikamwonyesha. Akakaa kitandani na taulo lake, kimya. Halafu akasema, "Mke wangu, ofisini hatujalipwa. Mwezi wa pili huu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mtoto anatimiza miaka minne na baba yake hana kitu?"

Jamani, nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwita muongo. Nikamuuliza ni mangapi mengine anayoficha. Na wakati naongea hivyo moyoni najua kabisa kwamba keki tuliyokata asubuhi, ya 45,000, niliilipa kwa hela niliyoazima kwa mwenzangu wa kazini, na yeye hajui. Nilitaka ndugu wakiona picha waseme, mambo yao si mabaya.

Siku tatu tuliishi kwa "pita" na "nipishe". Siku ya nne mimi ndiye niliyevunja ukimya, nikamwambia habari ya keki. Akanitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe tumekopa wote wawili, kwa ajili ya paka."

Tukaandikiana makubaliano nyuma ya kalenda. La kwanza, hakuna kukopa kwa ajili ya starehe, hata iwe sikukuu. La pili, kila Jumatatu elfu kumi inaingia kwenye kopo la maziwa, na hiyo ndiyo ya Jumamosi. Ikiisha, tumemaliza, tunarudi nyumbani. La tatu lilikuwa gumu kwa mume wangu: mtoto aambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wake. Tukamwambia, "Mshahara wa baba haujafika, kwa hiyo tutatembea kwa hela kidogo." Akauliza kama paka watakuwepo. Tukasema paka hawakosi.

Jumamosi ya kwanza tulivuka na pantoni. Sisi tunakaa Tabata. Tukapanda daladala mpaka Posta, bibie kapakatwa dirishani, halafu tukatembea polepole kandokando ya bahari kuelekea Feri. Pale kuna kanisa la Azania Front, lile lenye mnara na vigae vyekundu. Miaka yote napita pale na mkoba wa kazini sijawahi kuinua kichwa. Siku hiyo tulisimama, maana aliyetuongoza ana miguu mifupi na haraka hana.

Wewe unayevuka Magogoni kila siku kwenda kazini utaniona mshamba. Lakini hebu mtazame mtoto wa miaka minne mlango wa pantoni unaposhuka, magari yanaingia ndani ya chombo cha majini, bodaboda, mikokoteni, mama na ndoo za samaki, halafu nchi kavu inaanza kurudi nyuma. Alimshika baba yake shingo kwa mikono miwili. Mlango wa bandari pale ni mwembamba, na meli zinazoingia na kutoka zinapita hapo hapo. Ikapita boti ya Zanzibar, mawimbi yakatutikisa. Nyuma yake ikaja meli kubwa, makontena yamepangwa kama ghorofa.

"Baba, imebeba nini?"

"Nguo, ngano, vipuri vya magari, vitu vingi."

Akafikiri. Kisha akauliza kwa sauti ya kusikika pantoni nzima: "Na mshahara wako umo?"

Si tulimwambia haujafika? Sasa yeye kaona kinachofika ni kwa meli. Mzee mmoja mwenye baiskeli alicheka mpaka akashika kifua, akamwambia mume wangu, "Wa kwangu nao umo humo humo, mzee mwenzangu." Mume wangu akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa karibu mwezi. Jambo lililomnyima usingizi, alilolificha kama ugonjwa, limetangazwa mbele ya watu wasiotujua, na hakuna aliyemdharau.

Upande wa Kigamboni hatukwenda mbali. Tulikula muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, tukanywa madafu, tukamtazama muuzaji anavyokata dafu kwa panga bila kujikata kidole. Matumizi ya siku, kama nilivyoyaandika: daladala 2,400, pantoni 800, muhogo 1,000, madafu mawili 2,000, karanga 500. Jumla 6,700. Chenji ya 3,300 ikarudi kwenye kopo, na bibie ndiye aliyeitumbukiza.

Toka siku hiyo tumeendelea, na nimejifunza mambo ambayo natamani ningeambiwa mapema. Chukua yanayokufaa.

Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, wengi tulipelekwa na shule tukasahau. Kiingilio cha raia ni nafuu sana kuliko cha mgeni. Pale utamkuta Zinjanthropus, yule ambaye fuvu lake Mary Leakey alilikuta Olduvai mwaka 1959, na ambaye wataalamu wanasema aliishi kama miaka milioni 1.75 iliyopita. Mimi nikaanza kutoa mhadhara. Bibie akatazama yale magego makubwa, akauliza, "Alikuwa anapiga mswaki?" Nyumbani usiku alipiga mswaki bila kulazimishwa, muujiza ambao umenitosha. Ila usimalize vyumba vyote. Mtoto mdogo ana saa moja tu ya makumbusho kichwani, baada ya hapo anaanza kulala sakafuni. Angalia vitu vitatu, toka mkakae nje kwenye kivuli.

Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kwa umri huu ni kizuri zaidi, maana ni nje na kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali ambazo mtoto anainama na kuingia. Mwambie ya kwenu ni ipi. Mume wangu alimwonyesha binti yake msonge, akamweleza babu yake alivyolala na ng'ombe ndani ya nyumba moja. Mimi nimeolewa naye miaka sita na hadithi hiyo sikuwahi kuisikia.

Coco Beach haina kiingilio, na mihogo yake ya kukaanga unaijua. Siri yake ni maji. Usiende kwa kukisia. Uliza mvuvi au tazama jedwali la maji: yakipwa, mtoto anapata mchanga mpana, vidimbwi na kaa wadogo wa kukimbiza. Yakijaa hapo si mahali pa mtoto, mawimbi yana nguvu. Saa za kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa Jumamosi iliyopita siyo ya wiki hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bahari hupwa mbali zaidi, na pia hujaa zaidi, kwa hiyo msizubae.

Wasomaji wangu wa nje ya Dar msinune. Aliyeko Mwanza ana ziwa na mawe makubwa ya kutazama jua likizama. Aliyeko Mombasa ana feri ya Likoni, na anayevuka kwa miguu halipi hata senti, halafu bustani ya Mama Ngina iko hapo jirani. Hata kama mji wenu hauna maji, una stesheni, una gulio, una shamba la mtu. Kwa mtoto wa miaka minne, fundi anayechomelea geti (mkiwa mbali na zile cheche, na asiyatazame moja kwa moja) ni sinema.

Sasa masharti madogo madogo. Kuleni nyumbani kabla ya kutoka. Mtoto aliyeshiba haombi kila anachokiona, na baba aliyeshiba hanuni. Bebeni chupa ya maji ya nyumbani, kofia, nguo moja ya akiba na kanga. Kanga ni mkeka, ni taulo, ni kivuli, ni chumba cha kubadilishia nguo. Tokeni asubuhi, saa mbili mpaka saa sita inatosha, kabla jua halijawa kali. Pantoni msipande saa za watu kwenda na kutoka kazini, kuna msukumano, na mkono wa mtoto usiuachie hata ukipigiwa simu na bosi. Mimi huandika namba zetu mbili za simu kwa kalamu kwenye mkono wake. Halafu mtoto mwachieni achague kitu kimoja cha kununua, kimoja tu, na asibadilishe. Mara ya kwanza alilia. Mara ya tatu alisimama mbele ya muuza ice cream dakika tano nzima, akachagua karanga.

Na simu zenu? Sisi tunapiga picha moja. Moja tu, halafu zinaingia mkobani. Nakiri mimi ndiye ninayevunja sharti hili.

Usidhani nakuhubiria kwamba umaskini ni mtamu. Si mtamu. Mwezi ule tulichelewesha kodi, tukamwomba mwenye nyumba uvumilivu, na deni la simu lilitukaba mpaka tukauza kabati. Jumamosi ya elfu kumi haikulipa kodi. Ilichofanya ni kutupa saa nne kwa wiki ambazo hakuna aliyekuwa akimwigizia mwenzake. Nimegundua mtoko ule wa 96,000 haukuwa wa mtoto. Mume wangu alinitoa mimi, ili nisijue. Na mimi niliwatoa ndugu zangu, ili wasijue. Mtoto tulimbeba tu kama tiketi.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hamjapanga mwende wapi, kaeni wawili, muulizane, "Mfukoni kuna nini kweli?" Swali hilo ni chungu. Ukilijibu kwa uongo, hata Serengeti mtakwenda na kununiana garini.

Mshahara hatimaye uliingia, nusu, baada ya wiki tano. Jioni ile mume wangu alikuja na tabasamu, akamwambia bibie, "Haya mama, mshahara umefika. Twende wapi Jumamosi?" Nikajua sasa tumekwisha, anataka kurudi kule kwenye soksi.

Bibie akauliza, "Umefika na meli ipi?"

Basi ikabidi twende tena Magogoni, akaonyeshwe. Baba mtu alinyoosha kidole kwenye meli ya kwanza iliyopita, nyekundu, kuukuu, inafuka moshi. Bibie akaipungia mkono na kuiambia asante. Nami nilipunga.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Na kopo lenu liwekeni mahali ambapo nyote wawili mnalifikia.