Moyo upimwe nao ukiwa kazini

Ukibeba beseni kutoka soko la Kenya na pumzi ikakatika wakati wenzako wanatembea vizuri, usiseme ni uchovu tu. Pengine vali ya moyo iliharibika tangu utotoni, kwa homa ya viungo inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa.

Ekografi ya mgonjwa aliyelala inaweza kuficha uzito wa shida. Ndiyo maana wengine hupimwa wakikanyaga baiskeli: presha ya mapafuni ikipanda sana, daktari anaona kwamba hatari inakaribia.

Mimba huongeza damu mwilini karibu nusu. Mwenye vali mbovu aongee na daktari kabla ya kubeba mimba, amweleze wazi kazi zinazomkata pumzi. Na mtoto akiumwa koo na homa, apelekwe kituo cha afya mapema.