Mbwa Asiyekua

Jirani yangu aliniita nimtazame mbwa wake aina ya German Shepherd. Nduguze wa uzao mmoja, wa miezi sita, wanampita mtu goti. Yeye angali kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana, na manyoya yake ya utotoni yanadondoka ubavuni. Mtaani ilisemwa amerogwa.

La hasha. Ni maradhi ya kurithi: tezi ndogo iliyo chini ya ubongo haitoi homoni za kutosha za kumkuza. Mwaka 2011 wataalamu wa Uholanzi walitambua kasoro yenyewe katika jeni iitwayo LHX3. Baba na mama huonekana wazima kabisa, lakini wote wawili wakiibeba, kila mtoto yumo hatarini, 1 kwa 4.

Daktari wa mifugo amemwandikia vidonge vya homoni ya tezi ya shingo, vya kila siku, maisha yake yote. Wasiotibiwa aghalabu hawavuki miaka mitano.

Vidonge jirani amekubali kununua. Nilipomsihi asimpandishe tena yule jike kwa dume lile, alinyamaza. Watoto wale ndio wanaomlipia karo.