Fulana za Mbio: Ipi Yafaa Mwilini?

Juma hili ukurasa wetu unaweka kando sufuria na bustani ya mboga, na kugeukia fulana. Sisemi fulana ya kushindia nyumbani, bali ile ambayo mtu hupewa baada ya kulipia mbio za hisani au za mashindano, ambayo siku hizi imeenea katika nyumba zetu kuanzia Kampala hadi huku Osukuru. Askari anayo, mkewe anayo, na mtoto wa darasa la sita huilalia.

Kwa jamaa yenye mshahara mmoja, jambo hili si dogo. Baba akijiandikisha, mama akijiandikisha, na kijana wa sekondari akadai naye asiachwe, ada za watu watatu zimekwisha kutoka kabla sukari haijanunuliwa. Mbio zenyewe huanza alfajiri na kwisha kabla jua halijakaza. Kinachobaki nyumbani ni fulana. Nayo huchaguliwa kwa herufi tu, ndogo, wastani au kubwa, pasipo kujaribiwa, na aghalabu ikishachukuliwa hairudishwi. Yafaa basi mtu ajue anachokipokea, na apatapo nafasi ya kuchagua, ajue la kuchagua.

Tuanze na kitambaa, maana hapo ndipo penye ubishi. Fulana nyingi za mbio ni za aina mbili: za pamba, na za poliesta. Poliesta si kitu kigeni kwetu. Iligunduliwa mwaka 1941 huko Uingereza na wataalamu wawili, Whinfield na Dickson, na wazee waliovaa suruali za terilini katika miaka ya 1970 waliijua kwa jina hilo: kitambaa kisichokunjamana, kikaukacho upesi, na kichomacho mwili wakati wa joto. Pamba nayo ina historia yake hapa. Ilianza kulimwa Uganda kwa biashara mwaka 1903, na nchi za Bukedi na Teso ziliitegemea kwa miaka mingi kulipia kodi na karo. Kwa sababu hiyo moyo wa mtu wa Tororo huielekea pamba, nami siwalaumu wenye moyo huo.

Lakini mwili ukimbiao hauna uzalendo. Mtu mzima akikimbia kwenye joto kama letu aweza kutoa jasho la nusu lita hata kupita lita moja kwa saa. Uzi wa pamba hulinywa jasho hilo na kulihifadhi ndani yake; hata ukiwa umekauka, uzi huo huwa na unyevu wa hewa upatao sehemu 8 katika kila 100 za uzito wake, ilhali poliesta haifikishi hata sehemu moja. Ndiyo maana fulana ya pamba, iliyokuwa nyepesi mkononi asubuhi, baada ya kilomita 10 huning'inia mwilini kama taulo lililolowa, ikavuta mabega na kusugua ngozi. Poliesta iliyofumwa vizuri hailinywi jasho. Huliacha litambae juu ya nyuzi, likaenea mahali papana, na upepo ukalikausha.

Nimesema iliyofumwa vizuri, na hapo ndipo wengi wadanganyikapo. Iko poliesta laini, yenye kung'aa, iliyofumwa kwa kubana, ambayo haipitishi upepo wala haitawanyi jasho. Mvaaji hujiona amevaa mfuko wa nailoni. Mwaka mmoja nilipewa ya namna hiyo katika mbio ambazo sitazitaja, nami nikaona afadhali ningekimbia na shati la ofisini. Njia ya kuitambua ni rahisi. Ifue mara moja kwanza, kwa kuwa kitambaa kipya huwa bado kina dawa za kiwandani, kisha igeuze ndani nje na udondoshe tone moja la maji. Tone likitawanyika na kupotea kwa muda mfupi, fulana ni nzuri. Likikaa juu kama tone la mvua kwenye jani la gimbi, jasho lako nalo litateremka mgongoni mpaka kiunoni. Kisha inyanyue mbele ya dirisha: matundu madogo yaliyopangwa sawa yaonekane, hasa mgongoni na kwapani.

Kuna wauzaji waandikao "pamba" juu ya kila kitu. Ukitaka hakika, chomoa uzi mmoja kutoka katika kitambaa chenyewe, wala si kutoka katika mshono, kwani mafundi hushonea uzi wa poliesta hata nguo ya pamba. Uchome kwa kiberiti, juu ya sahani, mbali na watoto. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja, na kuacha punje ngumu nyeusi. Ukiona vyote viwili, jivu pamoja na vipunje, ujue ni mchanganyiko. Mchanganyiko huo si mbaya hata kidogo. Kwa mbio fupi za kilomita 5, ambazo wengi wetu tunazitembea nusu yake tukizungumza, naupendelea kuliko vyote, maana hauchomi ngozi na wafaa kuvaliwa baadaye sokoni.

Sasa juu ya kukaa mwilini. Herufi zilizo shingoni hazina sheria moja. "Kubwa" ya kiwanda kimoja ni "wastani" ya kingine. Tumia futi ya fundi cherehani. Tandaza mezani fulana unayoipenda, upime toka kwapa hadi kwapa, uzidishe kwa mbili: hicho ndicho kipimo chako. Kwa kukimbia, kizidi mzunguko wa kifua kwa sentimita 8 hadi 12. Ikipungua hapo, kifua hubanwa wakati wa kuvuta pumzi. Ikizidi sana, kitambaa kilicholowa hupiga huku na huku na kuchubua. Mshono wa bega nao ukae juu ya mfupa wa bega. Ukiteremka hadi kwenye mkono, kwapa litasuguliwa maelfu ya mara kabla ya mstari wa mwisho. Fulana ambazo mshono wa mkono hukatwa kwa mshazari kutoka shingoni hadi kwapani huepuka taabu hiyo, na anayeipata na aihifadhi.

Akina mama ndio waonewao zaidi. Waandaaji wengi huagiza umbo moja kwa wote, nalo ni umbo la mwanamume: mabega mapana na nyonga nyembamba. Mama akichagua kufuatana na mabega, fulana hupanda kiunoni kila apigapo hatua. Akichagua kufuatana na nyonga, shingo hufunguka hadi begani. Fundi yeyote wa Tororo aweza kuitengeneza kwa muda mfupi. Achague ile ienayo nyonga, kisha fundi apunguze ubavuni kuanzia kwapa hadi kiunoni na kuinua bega kidogo, mishono akiimalizia kwa ovaloki. Asikubali ishonwe kwa mshono ulionyooka wa shati, kwa kuwa kitambaa cha fulana huvutika, na uzi usiovutika utakatika.

Iko na habari ya heshima. Kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani zataka vazi la mwanariadha liwe safi, na la kitambaa kisichoonyesha mwili hata kikilowa. Fulana nyeupe nyembamba, ambazo waandaaji huzipenda kwa kuwa chapa huonekana vizuri juu yake, mara nyingi hazifikii kanuni hiyo. Mimina kikombe cha maji kifuani mwa fulana hiyo uuingize mkono ndani. Ukiona kucha zako, mtafutie binti yako vazi la kuvaa chini yake.

Chapa yenyewe yataka macho. Wino mzito, ule ambao ukiugusa ni kama mpira, haupitishi jasho wala upepo. Ukimwekea mkimbiaji bango la wadhamini kifuani na jingine mgongoni, umemfunika kwa plastiki mahali ambapo joto hutaka kutokea. Iko njia nyingine, ambayo rangi hupashwa moto ikaingia ndani ya uzi wenyewe. Ukipapasa huhisi kitu. Njia hiyo huenda na poliesta, tena ya rangi hafifu. Maoni yangu ni kwamba waandaaji wapunguze majina ya wadhamini na waongeze kitambaa. Lakini twende kwa haki: katika mbio za hisani, fulana ni stakabadhi ya mchango. Mbio za Rotary za kupambana na saratani, zilizoanza mwaka 2012, zilikusudiwa kukusanya fedha za matibabu ya saratani katika Hospitali ya Nsambya, na kila shilingi iongezwayo kwenye nguo imetoka mahali fulani. Mwenye kudai fulana ya kifalme katika mbio kama hizo na ajiulize mgonjwa atapata nini.

Tunaokaa karibu na Malaba na Busia tuna mlango mwingine, nao ni mitumba. Humo zimo fulana za mbio kutoka miji ya mbali, nyingine zikiwa karibu mpya. Utamkuta jirani akilima muhogo chini ya vilima vya Sukulu, kifuani ameandikiwa kwamba amemaliza kilomita 42.195 katika mji ambao hajapata kuusikia. Fulana haina kiapo! Mimi nazisifu nguo hizi kwa mazoezi, kwa sababu imara: unazijaribu kabla ya kulipa, na iliyotaka kurudi imekwisha kurudi. Fulana mpya ya pamba ambayo haikurudishwa kiwandani yaweza kupungua sehemu 5 hadi 10 katika 100 kwa urefu. Yenye sentimita 70 ikabaki na 65. Ya mitumba imekwisha pita huko. Angalia tu kwapa lisiwe gumu kwa jasho la zamani. Poliesta hushika mafuta ya mwili pamoja na harufu yake. Isugue kwapani kwa kiganja mpaka ipate joto, kisha uinuse. Harufu itakayotoka hapo ndiyo utakayokimbia nayo.

Jihadhari pia na fulana za madoa ya kijeshi, ambazo huonekana katika marundo hayo. Wasomaji wa gazeti hili wajua, lakini mashemeji na wapwa wao huenda hawajui: sheria ya majeshi ya Uganda ya mwaka 2005 yamkataza raia kuvaa au kuwa na mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo. Haidhuru ziliandikwa mbio gani.

Huenda afande mmoja akauliza mbona wakimbiaji wakubwa hawavai mikono kabisa. Ni kweli. Polisi wetu John Akii-Bua, aliyeweka rekodi ya dunia ya sekunde 47.82 katika mita 400 kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972, na polisi mwenzake wa kizazi hiki, Joshua Cheptegei, aliyechukua dhahabu ya mita 10,000 huko Paris mwaka 2024, wote ni watu wa singlendi. Mkono ulio wazi hupoa upesi, na kwapa halisuguliwi. Kwa anayekimbia dakika 27, singlendi yatosha. Kwa mtu wa kawaida atakayekuwa barabarani saa mbili na nusu chini ya jua, huku malori ya saruji yakimtimulia vumbi, mkono mfupi humkinga bega.

Kabla ya siku yenyewe, ifue fulana na kuikimbilia walau mara moja. Usiivae mpya. Wanaume wapake mafuta ya mgando kwenye chuchu na kwapani, kwani fulana iliyolowa imewatoa damu watu wenye misuli kama chuma. Namba ya kifua ibanwe kwa pini katika pembe zote nne, ikivutwa kidogo. Pini mbili huiacha ipepee, na poliesta nyembamba huchanika.

Nyumbani, poliesta ifuliwe kwa maji ya baridi usiku uleule, isilale na jasho. Pasi ya mkaa isiiguse, itayeyuka. Nayo kwa kweli haihitaji pasi. Pamba ianikwe kivulini imetandazwa, maana ikining'inizwa ingali na maji hurefuka. Na ikichakaa, msiitupe. Poliesta hainywi maji na haifai kuwa tambara. Bali ile ya pamba, ikikatwa vipande vya kadiri ya kiganja, hung'arisha buti kuliko brashi yoyote niliyoiona dukani, na fulana moja hutoa vipande vya kutosha nyumba mbili.