Sehemu ya 5: Mfuko wa kupanda nao juu

Kuna mama kaniuliza inboksi: "Dada nesi, tunaishi hapa Uingereza, tunataka kukodi gari-nyumba, lile lenye vitanda na jiko, tuwapeleke watoto Hispania. Tupite Ufaransa kwa barabara au tupande feri ndefu?" Nimemjibu, lakini naona jibu liwafae wote.

Kwa maoni yangu, mwenye watoto wadogo apande feri. Najua nauli yake inauma. Kutoka Portsmouth mpaka Santander mnakaa baharini zaidi ya saa 24. Lakini ukishukia Calais, una zaidi ya kilomita 1,000 za barabara mbele yako, na mara nyingi dereva ni mmoja tu. Sisi wa zamu za usiku tunajua mtu aliyechoka anavyokosea hata jambo dogo. Kwenye feri baba watoto analala, watoto wanakimbia huku na huku, mnashuka mkiwa watu.

Ila feri ina jambo moja ambalo wengi hawalijui: meli ikishaondoka, sitaha ya magari inafungwa. Hushuki tena kwenye gari lako mpaka mfike. Na mimi nilijua, jamani. Nilijua na bado nikakosea.

Mwanangu ana pumu. Siku hiyo alikuwa mzima kabisa, anacheka. Tukapanda juu na pajama, vitabu, biskuti, kila kitu. Saa 8 usiku, tuko Ghuba ya Biscay, bahari imechafuka, mtoto anaanza kukohoa, kifua kinapiga filimbi. Nanyoosha mkono kwenye mkoba, pampu ya bluu haipo. Iko kwenye droo ya gari, chini kule. Nilimpakata akiwa amekaa wima, baba yake akakimbilia mapokezi. Mfanyakazi akaomba ruhusa kwa wakubwa zake, akamsindikiza chini. Pampu ilifika, mtoto akatulia. Lakini zile dakika za kusubiri, mimi nesi mzima, nilikuwa nahesabu pumzi zake huku mikono inatetemeka. Meli haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nilifungasha kwa ajili ya ufukwe, sikufungasha kwa ajili ya usiku ule.

Ndiyo maana nasema: kabla hujachagua kambi, kabla hujanunua nguo za kuogelea, panga kwanza huo mfuko wa kupanda nao juu. Weka dawa zote za kila mtu, sio za mtoto mgonjwa peke yake. Pampu pamoja na kile chombo chake cha kuvutia. Kipima joto, dawa ya homa, ORS. Nepi za kutosha siku mbili. Nguo za kubadilisha, zako pia, maana anayetapikiwa ni mama.

Dawa ya kuzuia kutapika muulize mfamasia mapema, umtajie umri wa mtoto. Nyingine haziwafai wadogo kabisa, kwa mfano promethazine haipewi mtoto wa chini ya miaka 2. Na nyingi zinatakiwa kumezwa kabla ya safari, sio akishaanza kutapika. Kama unaweza kuchagua chumba, chukua cha katikati ya meli, sitaha za chini. Hapo mtikisiko ni mdogo.

Friji ya gari usiitegemee. Gesi lazima ifungwe kabla ya kupanda. Insulini na dawa yoyote ya baridi ibebe kwenye mfuko wa ubaridi, na isigusane na barafu. Nyama na maziwa ya kawaida kutoka Uingereza hayaruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, mtayaacha bandarini. Maziwa ya unga ya mtoto yanaruhusiwa kwa kiasi kidogo, pakiti ikiwa haijafunguliwa au ikiwa ndiyo mnayoitumia wakati huo.

Sasa makaratasi. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza, kwa hiyo usilipie feri halafu ndiyo ukumbuke viza. Kadi ya GHIC ni bure, tovuti inayokudai pesa ikimbie. Inasaidia kwenye hospitali za serikali, lakini haichukui nafasi ya bima ya safari. Kama mtoto ana jina la ukoo tofauti na lako, au unasafiri bila baba yake, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Namba ya dharura Hispania ni 112.

Na ndani ya gari: mtoto asisafiri amelala kitandani wala kwenye kiti kinachotazama ubavuni. Kiti chake kifungwe kwenye siti inayotazama mbele au nyuma, yenye mkanda. Usiku msiwashe jiko ili kupata joto, na kengele ya kugundua hewa ya kaboni monoksidi muijaribu kabla ya kuondoka. Gesi ile haina harufu.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa akina baba mnaosomewa hapo pembeni: mfuko huu sio wa mama peke yake. Nyumbani kwetu sasa baba watoto anausoma kwa sauti kabla hatujafunga mlango wa gari, mimi naonyesha kitu kimoja kimoja. Watu wawili wakikagua, kinachosahaulika ni kidogo. Hata wodini tunafanya hivyo kwa dawa kali.

Una mtoto wa pumu, kisukari au degedege na unapanga safari? Niandikie umri wake na safari yenyewe. Nikitoka zamu nitajibu.