Pima Chumvi kama Upimavyo Mahindi

Mkulima wa Songea hakubali mahindi yake yakadiriwe kwa jicho. Ataka mizani iwekwe mbele yake, na kipimo cha unyevu kisomwe naye akiona. Lakini mkulima huyo huyo, akiisha pata fedha yake, huingia sokoni akanunua chumvi ya kupimiwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi, wala haulizi mna nini ndani yake. Maoni yetu ni kwamba chumvi nayo yastahili kupimwa, tena kwa kipimo cha hesabu, si kwa rangi peke yake.

Sababu ni hii. Mwili wa mtu wahitaji iodini, ambayo watu wengi huiita madini joto. Hazina yake kubwa ni bahari. Katika nchi za milima mvua huiosha kutoka ardhini, na mazao yaotayo hapo huwa na iodini haba. Ndivyo ilivyo katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako zamani rovu, yaani tezi la shingo, lilionekana kwa watu wengi. Tena rovu ni dhara lionekanalo tu. Liko kubwa zaidi lisiloonekana. Mama mwenye mimba akikosa iodini sana, mtoto aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, wala hakuna dawa ya kumrudishia baadaye. Muhogo mchungu usiorowekwa vema huzidisha shida, kwa kuwa sumu yake hugeuka mwilini ikawa kitu kizuiacho iodini isiingie katika tezi.

Dawa yake ni nyepesi. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na Tanzania iliagiza hivyo kwa sheria katika miaka ya 1990. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 kila siku. Kilo moja ya chumvi ikiwa na miligramu 30 za iodini, basi gramu 5, kadiri ya kijiko kidogo kimoja, zamtosha. Chumvi iliyoko nyumbani isipungue miligramu 15 kwa kilo, wala isizidi 40.

Wako watakaosema, “Mbona kipo kile kichupa cha matone? Chumvi ikigeuka buluu, imefaa.” Twajibu: kichupa hicho ni kizuri, lakini chakuambia kwamba iodini imo au haimo, kiasi chake hakikuambii sawasawa. Ni kama mtu akuambiaye kwamba gunia lina mahindi, asikuambie ni kilo ngapi. Chumvi yenye iodini haba nayo hugeuka rangi, na mwenye nyumba hudanganyika.

Kipimo cha hesabu hufanywa hivi. Gramu 10 za chumvi huyeyushwa katika maji, kisha hutiwa asidi kidogo na potasiamu iodaidi. Iodini iliyotiwa kiwandani huwa katika hali ya iodeti, ambayo ina nguvu ya kuigeuza iodaidi iwe iodini huru, na maji huwa manjano. Baada ya kukaa gizani dakika 10, mpimaji hudondosha maji ya sodiamu thaiosalfeti kutoka bomba la kioo lenye alama. Hiyo thaiosalfeti huifuta iodini. Manjano ikififia, hutia wanga, kitu kile kile kilichomo katika muhogo, na maji yakawa buluu nzito. Huendelea tone kwa tone hata buluu itoweke, ndipo asomapo alama.

Maji ya thaiosalfeti yakiwa ya nguvu iliyo kawaida kwa kazi hii, kila mililita moja ni sawa na miligramu 10 na nusu hivi za iodini kwa kilo ya chumvi. Basi ikiwa zimetumika mililita 3, chumvi ni njema. Ikiwa ni nusu mililita, chumvi hiyo haifai kwa jamaa yako, ingawa kichupa cha matone kingeonyesha buluu. Kwa njia iliyo ndugu ya hii hupimwa pia klorini ya kutakasia maji.

Kazi hii ni ya maabara, si ya jikoni. Kazi ya mkulima ni kuidai. Kijiji chenye kupeleka mahindi sokoni kila mwaka hakishindwi kumkabidhi Afisa Afya sampuli za chumvi za maduka yake, na kumtaka aje asome hesabu mbele ya mkutano. Mwenye duka akijua kwamba chumvi itapimwa, atachagua vema anunuapo.

Hata siku hiyo ifike, shika haya:

1. Nunua chumvi iliyofungwa katika mfuko, yenye alama ya madini joto.

2. Usiianike juani, wala usiiweke penye unyevu au karibu na moto.

3. Itie katika chombo chenye kifuniko.

4. Itie chakulani mwisho wa kupika.

5. Roweka muhogo mchungu vema, ukaukaushe, ndipo uusage.

Mahindi yaliyopunjwa msimu huu yaweza kufidiwa msimu ujao. Akili ya mtoto iliyopunjwa tumboni haina msimu wa pili.