Mkwezi wa Taa ni Fundi, si Kibarua

Kila Desemba inapowadia, miti iliyo mbele ya mahoteli, benki na maduka makubwa jijini Nairobi huvishwa taa. Vigogo huzungushiwa nyuzi za balbu ndogo ndogo, matawi yakaning'inizwa nyota, na jioni wapita njia husimama na watoto wao kupigwa picha. Ni pambo la kupendeza, sikatai. Lakini katika miaka yote hiyo sijamsikia hata mtu mmoja akiuliza: ni nani aliyepanda kuzitundika?

Mimi nililazimika kuuliza. Miaka michache iliyopita, kijana wa jirani yangu aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukosa karo ya chuo aliitwa na hoteli moja apambe miti ya uani. Alipewa ngazi ya mbao, koleo, na katoni ya taa yenye maelezo ya Kiingereza ambayo hakuna aliyejali kumsomea wala kumfafanulia. Hakupewa mkanda wa usalama wala glavu. Manyunyu yalikuwa yamenyesha. Akiwa juu, alishika waya uliochubuka, umeme nao ukiwa umewashwa. Alitupwa chini akavunjika paja. Mamake alipokwenda kuomba angalau gharama za hospitali alijibiwa kwa upole: "Mama, huyo hakuwa mfanyakazi wetu. Alikuwa kibarua tu."

"Mwalimu," mama huyo aliniuliza jioni ile, "kwani kibarua si mtu?"

Maadamu kazi yangu ni kuchunguza lugha, neno lile halikunitoka akilini. Kibarua, kwa asili yake, ni barua ndogo. Mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, na hatimaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Karatasi kama hiyo, siku ikiisha, hutupwa. Linganisha na neno fundi, ambalo masikio yetu hulisikia karibu na kufunda, kufundisha na mafunzo. Fundi ana ujuzi, ana bei, ana wanagenzi. Kijana ni yule yule na mti ni ule ule, lakini ukimwita fundi utajihisi una wajibu wa kumlinda. Ukimwita kibarua utamtupa pamoja na karatasi yake.

Je, kutundika taa mitini ni ufundi kweli? Hebu tutazame desturi yenyewe ilikotoka. Mnamo 1882, mjini New York, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliupamba mti wa Krismasi nyumbani kwake kwa taa 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na buluu. Siku hizo hapakuwa na nyuzi za taa za kununua dukani zikiwa zimeunganishwa tayari. Aliyetaka mti wa namna hiyo ilimbidi amtafute mjuzi wa umeme. Kazi hii, basi, ilizaliwa mikononi mwa mafundi. Katika mji huo huo, mwaka 1931, wajenzi wa Rockefeller Center walichangishana fedha, wakanunua mti na kuupamba wenyewe. Leo mti unaosimamishwa hapo kila mwaka hubeba taa zaidi ya 50,000, na hujengewa jukwaa pande zote ili mafundi waufikie salama.

Nje ya shughuli kubwa kama hiyo, Marekani ina makampuni mengi madogo yanayoishi kwa kazi hii msimu ukifika. Baadhi yake ni ya watunza bustani ambao majira ya baridi huwanyima nyasi za kukata. Huanza kupima miti mapema, kabla ya Desemba, na Januari hurudi kuziondoa taa. Wana hesabu zao. Shina lenye mzingo wa mita 1 na urefu wa mita 3, likizungushiwa taa kila baada ya sentimita 10, linahitaji mizunguko 30, yaani waya wa zaidi kidogo ya mita 30. Wana miiko yao pia. Kila uzi hujaribiwa ukiwa chini kabla ya kupandishwa. Nyuzi haziunganishwi kupita idadi iliyoandikwa na mtengenezaji. Mti haupigiwi misumari, na waya haukazwi na kuachwa mwaka baada ya mwaka, kwani mti hunenepa na waya utaunyonga. Tena, hapapandwi mti uliogusana na nyaya za umeme wa barabarani.

Hapa kwetu miiko hiyo ni mizito zaidi. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120. Wetu ni wa volti 240. Chukua uzi wa Kimarekani wenye balbu 50 zilizofuatana: kila balbu imekusudiwa ipate volti 2.5 hivi. Uchomeke uzi huo moja kwa moja katika soketi yetu na kila balbu itapokea karibu volti 5. Nyuzi zitaungua, pengine na mti pia. Anayefunga umeme nyumbani nchini Kenya hutakiwa kuwa na leseni. Anayeufunga mtini, kama nionavyo, hutakiwa kuwa na njaa tu.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba lugha yetu haikuwa na dharau hii. Nenda Kilifi au Kwale. Anayepanda mnazi kuangua nazi ana jina: mkwezi. Anayepanda kugema tembo ana lake: mgema. Hawa si vibarua. Watu wa pwani walijua kwamba kupanda mti kwa kazi ni elimu, wakaipa elimu hiyo msamiati. Mkato uchongwao katika shina la mnazi ili mguu upate pa kukanyaga huitwa kidato. Naam, kidato! Neno lile lile ambalo vizazi vya wanafunzi wetu wa sekondari wamelitumia kutaja madarasa yao. Shule iliazima istilahi yake kwa mpanda miti. Kijana yule alivikwea vidato vinne vya shule, kisha akapandishwa mti usio na kidato hata kimoja.

Wapo watakaosema kwamba hii ni anasa ya kigeni, desturi ya nchi za theluji, na kwamba haifai kupotezewa wino. Sitetei anasa. Mtu akitaka kuuacha mti wake uwe mti tu, nitampongeza. Lakini maadamu taa zinatundikwa, anayezitundika si mgeni; ni mtoto wetu. Wengine watasema ni kazi ya wiki mbili. Ni kweli. Lakini paja likivunjika haliponi kwa wiki mbili. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amfidie mfanyakazi aumiaye kazini, na sheria hiyo haifai kuzimwa kwa maneno mawili, "kibarua tu".

Ninawaomba walimu wenzangu jambo moja. Mwalimu wa hisabati awape wanafunzi shina la mti walipimie waya. Mwalimu wa fizikia awaeleze kwa nini volti maradufu huua balbu, na kwa nini mkono uliolowa ni hatari. Mwalimu wa Kiswahili, atakapofundisha uandishi wa maagizo, aache kwa muhula mmoja namna ya kupika pilau, awaagize waandike namna ya kupandisha taa mtini na kushuka salama. Istilahi hazitungwi na kamati pekee. Hutungwa pia na watu wenye haja nazo.

Nami nimejaribu. Desemba iliyopita niliandika maagizo kumi kwa Kiswahili, nikampelekea kijana yule, ambaye hadi leo anachechemea, anisahihishie. Niliandika: "Zima umeme kabla ya kupanda." Alilifuta. "Mwalimu," akasema, "swichi mtu mwingine anaweza kuiwasha. Andika: chomoa plagi kwa mkono wako, uifunge shinani mahali utakapoiona ukiwa juu."

Hiyo si sauti ya kibarua. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Huyu wetu tusimngoje tu, tumshikie ngazi.